Picha Yenye Chenga

Mtaani walimwita Kioo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wala hakulipata kwa kubahatisha. Ukiingia studio yake na chunusi, ulitoka huna. Ukiingia na makunyanzi ya bibi, picha ilitoka na mashavu ya bi harusi, na ukijitia kulalamika kwamba huyo siyo wewe, alikuuliza taratibu kama ulikuja kujiona au ulikuja kupendeza. Alikaa mbele ya kompyuta akausugua uso wa mteja mpaka ukawa laini kama siagi. Kitu alichokichukia kuliko vyote ni chenga, zile punje punje zinazojaa kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu. Picha yenye chenga kwake ilikuwa sawa na chakula chenye mchanga, hata mgeni usiyempenda humwekei mezani.

Basi mtu huyo ndiye aliyepigiwa simu na shemeji yake asubuhi moja, akiwa katikati ya kumnyooshea bwana harusi tai kwenye kompyuta.

“Shemeji, acha kila kitu uje hospitali,” mume wa mdogo wake alisema, sauti imemkwaruza. “Mwenzangu hali, hanywi, kaugeukia ukuta. Anasema mtoto keshakufa na sisi wote tunamficha.”

“Na mtoto yukoje?”

“Mtoto mzima! Nimetoka kumwona sasa hivi. Lakini nikimwambia hivyo ananitazama kana kwamba nimemtukana.”

Usimlaumu haraka huyo mama. Mtoto alikuwa wa kike, amezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba alienea kwenye viganja viwili vya baba yake. Walimkimbiza chumba cha watoto njiti kabla mama hajazinduka kutoka kwenye upasuaji. Alipozinduka, homa ikampanda, na madaktari wakakata kauli: mwenye homa haingii kule, na mtoto hatoki. Kwa hiyo mama na mwana walilala jengo moja na hawajaonana hata kwa kupepesa jicho. Na kibaya zaidi, njia hii mama alikuwa ameshaipita. Uzazi wake wa kwanza, mtoto alifariki siku ile ile, na ndugu, kwa huruma zao za kijinga, wakamficha. Mama zake wadogo, shangazi zake, kila aliyeingia wodini alikuja na wimbo mmoja: mtoto anaendelea vizuri, wewe pumzika. Akapumzika. Akachagua na jina. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani ndipo walipomwambia kwamba walishazika. Tangu hapo maneno “anaendelea vizuri” yalimchoma kuliko tusi. Mimi mwenyewe nisingewaamini tena watu hao, hata wangeniambia kwamba jua limechomoza.

Kioo alimkuta mdogo wake amelala ubavu, macho ukutani, chai imepoa pembeni.

“Dada,” alisema bila kugeuka, “na wewe umekuja kuniambia anaendelea vizuri?”

“Sijamwona bado.”

“Afadhali. Angalau wewe hujaanza.”

Kioo alimtengenezea shuka, akatoka, na pale koridoni akakutana na muuguzi mkuu wa chumba cha njiti, mama mfupi mwenye mikono kiunoni, ambaye kila mtu alimwita Sista na hakuna aliyethubutu kumwongezea neno jingine.

“Yule mtoto ni mpiganaji,” Sista alisema. “Ninachotaka mimi ni maziwa ya mama yake, hata matone tu. Tumekamua, hakuna kitu. Mtu aliyekwisha kufiwa moyoni, maziwa yatatokea wapi? Fanyeni mpango aamini kwamba anaye mtoto.”

“Nitampiga picha.”

“Kwa flashi?” Sista akatoa macho. “Ukiwasha flashi mle ndani, nitakutoa wewe na kamera yako kupitia dirishani. Macho ya wale watoto hayataki mwanga. Mapazia hayafunguki, taa haiwashwi, na kitambaa cha juu ya sanduku lake la joto nakifunua kidogo tu.”

Shemeji alitoa simu yake akaonyesha alichokuwa ameambulia. Picha zilikuwa nyeusi kama sufuria. Video ndiyo usiseme: giza linatikisika, na sauti yake mwenyewe ndani yake ikisema, “Huyu hapa, huyu hapa.” Alikuwa amemwonyesha mkewe, naye akauliza swali moja tu, “Huyu hapa wapi?”

Sasa, Kioo alikuwa na kamera mpya. Naam, mpya kwake, maana ilishapita mikononi mwa watu wengine. Muuzaji alimwapia kwamba kamera ile inaona gizani kama paka, na yeye akaguna, kwa sababu wauzaji wa kamera ukiwaacha wataapa kwamba inapika pia. Mchana ule hakuwa na la kufanya ila kuijaribu. Alimchukua shemeji mpaka stoo ya nyuma ya studio, akafunga mlango, akatundika kitambaa cheusi dirishani, akawasha tochi ndogo na kuifungia ndani ya shuka mpaka ikabaki kama kaa la moto linalotaka kuzimika. Akapapasa kapuni na kutoa kiazi kitamu kimoja kinene, akakifunga taulo.

“Kiazi?” shemeji alisema. “Shemeji, mwanangu mimi ni kiazi?”

“Kipakate vizuri, usimwangushe.”

“Kichwa ni upande gani?”

“Upande wenye pua.”

Wakacheka, kicheko cha watu ambao hawajacheka kwa siku nyingi, kilichochelewa kuisha. Kisha Kioo akaifunga kamera kwenye miguu yake mitatu na kuanza kupandisha namba ya ISO, ile inayoiambia kamera ijikaze kiasi gani kuona gizani. Ukiweka ndogo, picha inatoka safi, lakini kamera lazima ikodoe jicho muda mrefu na kila kitu kitulie tuli. Ukiweka kubwa, kamera inanyakua picha upesi, lakini ndiyo hizo chenga zinamwagika. Miaka yote ya kazi Kioo hakuwahi kuvuka mia nane. Zaidi ya hapo aliona ni kujidhalilisha.

Akaenda elfu moja na mia sita. Elfu sita na mia nne. Elfu ishirini na tano na ushee, akijisikia kama mtu anayevua viatu kwenye ukumbi wa watu wazima. Mwisho, kwa udadisi tu, akaisukuma mpaka kule juu kabisa, laki na kitu, namba ambayo siku zote aliamini imewekwa kwa majigambo. Stoo ilikuwa giza kiasi kwamba hakuona hata kidole chake kwenye kitufe. Akabonyeza. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kikawaka, na Kioo mwenyewe akashika mdomo.

Kila kitu kilikuwa pale. Vijizizi vya kiazi, vyembamba kama nywele. Udongo uliokwama kwenye mikunjo yake. Nyuzi za taulo, moja moja. Chenga zilijaa, ndiyo, kama mtu aliyenyunyiza unga juu ya picha, lakini ndani ya chenga kulikuwa na dunia nzima ambayo macho yake mazima mawili hayakuwa na habari nayo. Na juu ya kiazi kulikuwa na uso wa shemeji yake, machozi yakimteremka mpaka kidevuni.

Aliinua macho kumtazama. Akaona giza tupu. Hakusikia hata kwikwi. Yule bwana alikuwa amekipakata kiazi chake akilia kimya kimya, akidhani giza limemsitiri, na kumbe kamera imemwona. Kioo aliingiwa na baridi, ile baridi ya mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi.

“Imetoka, shemeji?”

“Imetoka,” alisema, akaiondoa haraka picha ile kwenye kioo cha kamera.

Ungedhani hapo alishapata jibu. Wapi! Tabia ni ngozi ya pili, haivuliwi kirahisi. Macho yake yalirudi kwenye zile chenga, yakaziona tu zenyewe, akakunja uso. Akajaribu tena kwa namba yake ya zamani, mia nane, kamera ikikodoa kwa sekunde nzima, na safari hii kiazi kikatoka safi, kimetulia, hakina doa. Uso wa shemeji ulikuwa umefutika kuwa ukungu, kwa sababu alivuta kamasi katikati ya picha, lakini nani alikuwa na shida na uso wa shemeji? Anayepigwa ni mtoto. “Hii ndiyo,” Kioo alisema kwa kuridhika. Ningekuwepo, ningemtandika kofi la mgongo.

Saa ya kuona wagonjwa aliingia chumba cha njiti. Alinawa mpaka viwikoni, akavishwa joho, kofia na barakoa, na kamera ikapanguswa kwa spiriti kila kona. Ndani kulikuwa na joto la kitandani. Masanduku ya vioo yamepangwa mstari, kila moja limefunikwa kitambaa, vijitaa vya mashine vikipepesa, na kimya cha watu wazima wanaotembea kwa vidole. Kioo alikuwa mtu wa kelele, lakini mle alijikuta anashusha sauti kabla hajaambiwa. Watu wote hawa wamo humu, aliwaza, na hakuna hata mmoja anayefika uzito wa pochi yangu.

Sista akafunua pembe ya kitambaa. Kioo aliona kivimbe cheusi juu ya weupe, basi. Akaweka kamera kwenye miguu yake, akabana pumzi, akaiacha ikodoe. Picha ilitoka laini laini, tumboni ina ukungu kidogo. Hiyo kazi ndogo, alijisemea. Akarudi mbio studio, akakaa kwenye kompyuta, akafanya anachokijua. Akausugua ule ukungu. Akaifuta mistari ya kifuani, akalainisha paji la uso, akaondoa ngozi iliyokuwa inabanduka mdomoni. Akaichapa kwenye karatasi yake nzuri kuliko zote, kubwa, ya kung'aa. Njiani kurudi aliifungua bahasha mara kadhaa kuitazama, moyo umemjaa.

Mdogo wake aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, mpaka shemeji akaanza kutabasamu.

“Mmemwosha,” alisema.

“Nini?” Kioo aliuliza.

“Mmemwosha vizuri. Mmempaka na mafuta. Kapendeza.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Dada, huyu hapumui.”

“Anapumua! Mdogo wangu, nimesimama mbele yake mimi...”

“Hata wewe, dada. Wengine nilishawazoea. Lakini hata wewe leo umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.” Akaiweka picha kifudifudi juu ya shuka, akaugeukia ukuta.

Kioo alitoka mle ndani. Kwanza alipandwa na hasira, nisikufiche. Kazi yote ile! Karatasi ile! Akaenda dirishani koridoni, akaiinua picha kwenye mwanga wa jua ili ajionee mwenyewe ubaya wake uko wapi. Akauona. Ngozi haikuwa na mstari wala kinyweleo. Mdomo umefungwa, umenyooka. Kifua kimelala bapa. Aliwahi kuona watoto wa namna hii, waliovalishwa nyeupe na kulazwa kwa mara ya mwisho. Ule ukungu wa tumboni haukuwa uchafu. Mtoto alikuwa anahema wakati kamera imekodoa, na yeye akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu akaifuta ile pumzi kwa mkono wake mwenyewe.

“Shemeji,” alisema polepole, “tulijaribu kwa kiazi.”

“Eeh.”

“Kiazi hakipumui.”

Shemeji alimkodolea macho, kisha akaelewa, akashika kichwa.

Kumrudia Sista kulikuwa kumrudia simba aliyejeruhiwa. Alisema hapana, akasema kile chumba siyo studio, akasema mtoto siyo bi harusi. Kioo alimwonyesha ile picha na kumweleza aliyoyasema mdogo wake. Sista aliitazama, akajishika kifua. “Lo,” alisema. “Na mimi ningedhani hivyo hivyo. Nawa mikono.”

Safari hii Kioo hakuchukua ile miguu mitatu. Alizima kile kifaa cha ndani ya kamera kinacholainisha picha, akaondoa mlio, akaisukuma ISO mpaka mwisho, kule kwenye laki, na kuiambia kamera inyakue haraka, picha baada ya picha. Sista akafunua kitambaa. Macho ya Kioo yaliona kile kile kivimbe. Akabonyeza, akashikilia.

Kisha akatazama kioo kidogo cha kamera.

Mungu wangu. Mabegani kulikuwa na manyoya membamba, yamelala upande mmoja kana kwamba kuna mtu aliyeyachana. Kwenye kipanda uso mshipa ulipita, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Kucha zilikuwepo, kumi zote, na kila moja ingekaa juu ya punje ya mchele na nafasi ikabaki. Mbavu zilijichora moja moja. Mdomo ulikuwa umekunjwa kwa upande, na kati ya nyusi, ambazo zilikuwa hazijamaliza kuota, palikuwa na mkunjo wa mtu aliyeudhiwa. Chenga zilikuwa kila mahali, kubwa, za rangi rangi, na ndani yake mtu huyu mdogo alikuwa amelala kazini, anahema kwa nguvu zake zote. Maisha yake yote Kioo alikuwa amefuta vitu kwenye nyuso za watu, na hakuwahi kujiuliza uso ambao haujaguswa na mtu unafananaje. Alitaka kupiga magoti. Alisimama tu, machozi yakimwingia mdomoni kwa pembeni ya barakoa.

“Nionyeshe,” Sista alinong'ona, akasogeza kichwa. “Jamani. Siku zote nawageuza kwenye giza hili, nawalisha, nawafunika. Sijawahi kumwona hata mmoja hivi.” Akairudisha pembe ya kitambaa kwa uangalifu zaidi ya alivyoifunua.

Mkono ulimwasha Kioo, siwezi kukudanganya. Studio haikuwa mbali, na kompyuta ingezipunguza zile chenga kidogo, kidogo tu. Akajikaza. Alikwenda moja kwa moja wodini na kamera shingoni, shemeji nyuma yake.

“Sitaki picha,” mdogo wake aliuambia ukuta.

“Hii siyo nzuri. Ina chenga, mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga. Ukishaitazama, nitaondoka.”

Labda ni lile neno “mbaya”, ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwa Kioo kuhusu kazi yake mwenyewe. Mgonjwa aligeuka kidogo kidogo, mkono kwenye kidonda cha tumbo. Kioo akamshikia kamera mbele ya uso na kukichukua kidole gumba chake, akakiweka kwenye kitufe.

“Bonyeza.”

Akabonyeza. Mbavu zikaingia ndani. Akabonyeza tena. Mbavu zikatoka, mdomo ukafunguka kidogo. Tena. Zikaingia.

Akaacha kubonyeza. Kisha akaanza upya, kwenda mbele, kurudi nyuma, kwenda mbele, na pale kitandani, kati ya kidole kimoja na kioo kisichozidi kiganja, mtoto akawa anapumua. Shemeji alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

“Kwa nini zinaingia ndani hivi?” mama aliuliza. “Anaumia?”

“Sista anasema ndivyo wanavyohema wakiwa wadogo. Anafanya kazi.”

“Na hapa mdomoni? Ngozi inabanduka.”

“Inabanduka. Sijaigusa.”

“Usiiguse.” Akaisogeza kamera karibu, pua ikikaribia kuigonga. “Ni wangu?”

Kioo akaikuza picha, akashuka mpaka miguuni. Kwenye kifundo kulikuwa na utepe mwembamba ulioandikwa kwa kalamu, na katikati ya chenga, herufi zimechakaa lakini zinasomeka, lilikuwepo jina la mama. Mama akalisoma kwa sauti, jina lake mwenyewe, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Akarudi kwenye uso. Akabonyeza. Mbele. Nyuma. Akaanza kupumua pamoja naye, fupi fupi, haraka haraka, mabega yakipanda na kushuka.

“Tazama alivyokunja uso,” alimwambia mumewe. “Baba yake, ona. Amekasirika huyu. Amekasirika kabisa.”

Shemeji aliinamia kamera. Kioo ndiye aliyeona kwanza. Kwenye gauni la hospitali, upande wa kushoto wa kifua, palikuwa na doa la maji, halafu na upande wa kulia pakaanza, na yote mawili yakawa yanatanuka mbele ya macho yao. Mdogo wake aliinamisha kichwa, akatazama kifua chake, akakigusa kwa vidole, akavitazama vidole vilivyolowa. Hakuiachia kamera.

“Dada,” alisema, “kamwite Sista, mbio. Mwambie mwanangu ana njaa.”